Nani Ampime Mtoto? Wazazi Weusi wa London na Shule Zao za Jumamosi



Mwanzoni mwa mwaka 1969 waraka wa ndani wa halmashauri ya Haringey, kaskazini mwa London, ulivuja ukaangukia mikononi mwa watu ambao haukukusudiwa wausome. Mwandishi wake alikuwa Alfred Doulton, mwalimu mkuu wa Highgate, shule ya kulipia yenye jina kubwa. Waraka ulidai kwamba watoto wa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, kwa wastani, wana akili ndogo kuliko watoto wa Kiingereza, na kwamba shule ikijaa watoto hao kiwango chake kitashuka. Halmashauri nayo ilikuwa na mpango wa kuwapima watoto wanaoingia sekondari, kuwagawa katika makundi ya uwezo, kisha kuwatawanya ili isiwepo shule iliyoelemewa na wale walioonekana wazito wa kuelewa. Kwenye karatasi, mpango ulizungumzia uwezo. Wazazi walipousoma waliona kwamba kinachotawanywa ni rangi.

Wazazi hao ndio nitakaowazungumzia jioni hii. Walikuwa makondakta wa mabasi, wauguzi, washonaji, vibarua wa viwandani. Wengi walitoka kazini usiku wakarudi kazini alfajiri. Walikuwa na jumuiya yao ya watu wa Karibi wa London Kaskazini, na kupitia jumuiya hiyo waliandika vipeperushi, wakaitisha mikutano, wakaikabili halmashauri ana kwa ana. Mpango ule hatimaye ukaachwa.

Ushindi huo ungetosha kwa watu wengi. Wao waliona pengo ndani yake. Kuzuia mpango mmoja wa halmashauri hakumfundishi hata mtoto mmoja kusoma, na watoto wao walikuwa wakimaliza shule bila kusoma sawasawa. Kwa hiyo katika kipindi hichohicho cha vipeperushi na mikutano, wakaanza kuwakusanya watoto Jumamosi, nyumbani kwao na katika kumbi za makanisa, wakawafundisha wenyewe. Nitatetea hoja moja tu leo: kwa watu wale, kumfundisha mtoto kusoma na kupinga ubaguzi wa rangi ilikuwa kazi moja, ikifanywa na mikono ileile, na nguvu yao yote ilitoka hapo.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji wafanyakazi. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury mwezi Juni 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka Karibi, na wengine wengi wakafuata. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilikwenda kuajiri watu huko huko Barbados. Watu hao walikuwa raia wa himaya. Shuleni walikariri majina ya wafalme wa Uingereza na wakafika London wakiamini wanakwenda mahali panapowafahamu. Wengi waliwaacha watoto kwa bibi zao, wakawaita baadaye, mmojammoja, nauli ilipopatikana. Mtoto wa miaka 9 alitua Heathrow au Southampton, akapokewa na mama ambaye pengine alimkumbuka kwa picha tu, akapelekwa kwenye darasa ambamo hakuna aliyezungumza kama yeye. Ungetegemea mtoto huyo awe kimya kwa muda. Shule nyingi ziliusoma ukimya huo kama upungufu wa akili.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na kundi la wanafunzi ambalo lilitambuliwa rasmi, chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, kuwa la watoto walio chini ya kiwango cha kawaida kielimu. Lilikuwa na shule zake. Mtoto alipendekezwa na mwalimu, akapimwa na mwanasaikolojia, kisha akahamishwa. Mzazi aliambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi katika shule maalumu, na wazazi wengi wa Karibi walifurahi, kwa kuwa huko walikotoka kitu maalumu ni kitu bora. Walikuja kugundua baada ya miaka kwamba huko hakukuwa na mitihani ya maana, hakukuwa na vyeti, na njia ya kurudi shule ya kawaida ilikuwa karibu haipo. Kijana alitoka pale akiwa na umri wa miaka 15 au 16 hawezi kujaza fomu ya kazi. Watu waliopitia shule hizo walipohojiwa wakiwa na umri wa miaka 50 na 60, katika filamu ya televisheni iliyoonyeshwa Uingereza mwaka 2021, walikuwa bado wakilia.

Takwimu za mamlaka ya elimu ya London yenyewe, za mwishoni mwa miaka ya 1960, zilisema mambo waziwazi. Watoto wa wahamiaji walikuwa kama asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za kawaida, lakini katika shule zile za walio chini ya kiwango walikuwa asilimia 28. Na katika watoto wa wahamiaji waliokuwa huko, robo tatu walikuwa wa Karibi, ingawa katika shule za kawaida watoto wa Karibi walikuwa nusu tu ya wahamiaji wote. Takwimu hizi hazikuwa siri kwa wakubwa. Zilikuwa siri kwa wazazi.

Aliyezitoa hadharani ni kijana wa Grenada, Bernard Coard, aliyekuwa akifundisha katika shule hizo mashariki mwa London. Mwaka 1971 kikatoka kijitabu chake chembamba kilichoeleza jinsi mtoto wa Karibi anavyofanywa awe mjinga na mfumo wa shule za Uingereza. Angalieni vizuri kitenzi hicho: anavyofanywa. Kijitabu kiliandikwa kwanza kabisa kwa ajili ya wazazi Weusi, kwa lugha ambayo kondakta wa basi angeisoma njiani akaielewa. Kilichapishwa na New Beacon Books kwa niaba ya chama cha walimu na wahudumu wa jamii wa Karibi.

Hoja zake zinanigusa kila ninapozirudia, na nawaomba walimu mzisikilize. Coard alionyesha kwamba mtihani wa akili una mwenyewe. Umetungwa na watu wa tabaka fulani, kwa maneno ya nyumba zao, na mtoto anayetoka nyumba nyingine anaanza akiwa nyuma. Mtoto aliyeonyeshwa picha ya bomba la maji, akalitaja kwa jina linalotumika kwao Karibi, alihesabiwa amekosa. Alionyesha pia kwamba mtoto aliyetenganishwa na bibi yake na kuvuka bahari anaweza kuwa na huzuni, na huzuni ikipimwa kwa saa moja na mtu asiyemjua huonekana kama uzito wa akili. Kisha akafika kwenye jambo lililo chungu kuliko yote, nalo ni matarajio. Mwalimu asiyetarajia chochote kwa mtoto hampi chochote. Na mtoto ni msomaji hodari wa uso wa mwalimu wake, huusoma kabla hajajua herufi. Coard alieleza jinsi mtoto Mweusi aliyeambiwa ajichore alivyojichora mweupe. Mtoto wa namna hiyo ukimpa kitabu ambacho kila aliye ndani yake ni mweupe, na Mweusi akitokea ni mshenzi au kichekesho, unamfundisha kusoma na kujikana kwa pamoja.

Mwisho wa kijitabu, Coard hakuishia kuilaumu serikali. Aliwageukia wazazi: nendeni shuleni, ulizeni maswali, kataeni kuhamishwa kwa mtoto bila maelezo, ongeeni na watoto wenu, wasomeeni, wanunulieni vitabu vyenye watu kama wao, anzisheni shule zenu za ziada. Wengi walifanya hivyo. Wengine walikuwa wameshaanza.

Mmoja wa walioanza mapema alikuwa John La Rose. Alizaliwa Arima, Trinidad, mwaka 1927. Akawa mwanachama hodari wa harakati za wafanyakazi, akafundisha Venezuela, akahamia London mwaka 1961. Mwaka 1966 yeye na mwenzake Sarah White walianzisha New Beacon Books, kampuni ya kuchapisha na kuuza vitabu. Kwa miaka kadhaa duka lilikuwa nyumba yao wenyewe, na bidhaa zilikwenda mikutanoni zikiwa ndani ya mabegi. Duka lenye mlango wa barabarani, katika namba 76 Stroud Green Road, walilipata mwaka 1973. Mwaka 1969 La Rose alianza kuwakusanya watoto nyumbani kwake, wanawe mwenyewe na wa majirani, akawafundisha kusoma, kuandika, hesabu, na historia ya Karibi na Afrika. Shule hiyo ikaitwa George Padmore Supplementary School.

Jina hilo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya tunavyokumbuka. Padmore alikuwa Mtrinidad, aliyeanzisha London mwaka 1937 taasisi ya kutetea ukombozi wa Waafrika akiwa pamoja na C. L. R. James na Jomo Kenyatta, miongoni mwa wengine. Kenyatta na Padmore walikuwa bega kwa bega katika Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, Manchester, Oktoba 1945. Padmore alikufa mwaka 1959 na majivu yake yakazikwa Accra. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8, aliyeambiwa katikati ya wiki kwamba hana akili, Jumamosi aliingia kwenye chumba chenye jina la mtu aliyefikiri pamoja na waliokuja kuongoza mataifa. Hilo lilikuwa somo la kwanza, nalo lilitolewa kabla kitabu hakijafunguliwa.

Shule za namna hii zilikuwa nyingi, na nyingi zaidi ziliendeshwa na wanawake ambao majina yao hayamo katika vitabu. Walimu wengi hawakulipwa, au walilipwa kidogo sana. Watoto walikuja Jumamosi asubuhi, pengine na jioni moja katikati ya wiki. Walikuja wakinung'unika, kama watoto wote wanaonyimwa Jumamosi yao, na sioni sababu ya kuwapamba. Lakini mle ndani kulikuwa na kitu ambacho shule ya serikali haikuwa nacho: mtu mzima aliyeamini pasi na shaka kwamba mtoto huyu ataweza. Mimi nimefundisha madarasa ya chini, na ninaamini kwamba imani hiyo ndiyo nusu ya ufundi wa kufundisha kusoma. Nusu nyingine ni mazoezi ya kila siku, herufi na sauti, silabi na sentensi, na walimu wale hawakuyaonea haya. Walisisitiza tahajia na hesabu za vichwani kwa ukali wa shule za Karibi walikosomea wao. Anayedhani kwamba shule ya wapinzani wa ubaguzi ilikuwa shule ya kauli mbiu tu hajui wazazi wale walikuwa wakitaka nini. Walitaka watoto wafaulu.

Niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu hapa naona undugu wa karibu nasi. Watoto wale walizungumza Krioli za visiwa vyao, na shule za Uingereza zilisikia Kiingereza kilichovunjika. New Beacon ilifanya jambo la ajabu mwaka 1969. Ilikichapisha upya kitabu cha sarufi ya Krioli ya Trinidad kilichoandikwa mwaka 1869 na John Jacob Thomas, mwalimu Mweusi aliyejisomea mwenyewe. Krioli aliyoichambua Thomas ilikuwa ile yenye asili ya Kifaransa, tofauti na waliyozungumza watoto wengi wa London, lakini ujumbe ulikuwa wazi: lugha iliyodharauliwa ina kanuni zake, na mtu Mweusi alikuwa ameziandika miaka 100 kabla. Wapo hapa ukumbini, najua, waliovishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Wataelewa kwa nini mwenye duka la vitabu lisilo na fedha alitumia fedha hizo chache kuchapisha sarufi.

Na vitabu vya watoto je? Hapa hali ilikuwa mbaya. Walimu wa Jumamosi walitafuta kitabu cha hadithi chenye mtoto Mweusi anayekula, anayecheza, anayeogopa siku ya kwanza ya shule kama mtoto yeyote, wakakuta rafu tupu. Baadhi wakaandika wenyewe. Beryl Gilroy, mwalimu kutoka Guyana ambaye mwaka 1969 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kaskazini mwa London, jambo lililokuwa nadra mno kwa mwanamke Mweusi, aliandika vitabu vifupi vya kujifunzia kusoma katika mfululizo wa Nippers wa Macmillan, ambamo familia za Weusi na familia za wafanyakazi zilionekana zikiishi maisha yao. Mwaka 1973 Petronella Breinburg, mzaliwa wa Suriname, alitoa My Brother Sean, hadithi ya mtoto anayeanza shule ya chekechea, na picha zake zikachorwa na Errol Lloyd wa Jamaika. Ni kitabu chepesi kabisa. Mtoto analia, kisha anatulia. Lakini katika Uingereza ya wakati ule, kitabu cha picha chenye mtoto Mweusi ambaye shida yake pekee ni kwamba hataki kuachwa na mama kilikuwa kitu kipya, na majaji wa tuzo ya Kate Greenaway waliisifu kazi ya mchoraji.

Magharibi mwa London walikuwapo Jessica na Eric Huntley, Waguyana wawili, mke na mume. Mwaka 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia mwanahistoria Walter Rodney asirudi kazini kwake katika chuo kikuu, na marafiki zake London wakaamua kuyachapisha mawazo yake. Hapo ndipo ilipozaliwa Bogle-L'Ouverture, kampuni iliyochukua majina ya Paul Bogle wa Jamaika na Toussaint L'Ouverture wa Haiti. Sebule ya kina Huntley ikawa ofisi, ghala na duka. Rodney mwenyewe alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa kwa ubia wa nyumba mbili: Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya hapa kwetu. Kitabu hicho tunakijua. Tusichokumbuka ni kwamba mwaka huohuo, sebule ileile ilitoa kitabu cha watoto kiitwacho Getting to Know Ourselves, kilichotungwa na Bernard Coard na mkewe Phyllis, cha kuwaonyesha watoto wadogo kwamba watu wa Karibi na watu wa Afrika ni ukoo mmoja. Miaka michache baadaye kina Huntley wakachapisha mashairi ya binti yao Accabre, aliyekuwa bado mtoto wa shule.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha ninayosema. Leo mchapishaji anayetoa kitabu kizito cha uchumi na historia hataki kuonekana na kitabu cha watoto wa miaka 5. Hiyo ni kazi ya idara nyingine, ya mfadhili mwingine. Kina Huntley hawakuona ngazi kati ya hivyo viwili. Mtoto anayejifunza leo kwamba yeye na mtoto wa Ghana wana babu mmoja ndiye atakayekuwa na hamu ya kumsoma Rodney akifika miaka 20. Bila kitabu cha kwanza, cha pili kitakosa msomaji. Duka lao baadaye liliitwa Walter Rodney Bookshop, baada ya Rodney kuuawa kwa bomu Georgetown mwezi Juni 1980. Wabaguzi walilishambulia na kuliandika matusi. Liliendelea kufunguliwa.

Kazi hii ilipanuka kwa namna ambayo wafadhili wa leo wangeiona imetoka nje ya malengo. Mwaka 1975 mwanafunzi Mweusi alipopigwa na polisi karibu na shule yake kaskazini mwa London, wazazi wa mzunguko uleule wa shule ya Padmore na duka la vitabu waliunda harakati ya wazazi Weusi na kumpigania mahakamani. Januari 18, 1981 moto uliteketeza nyumba moja ya mtaa wa New Cross, London, wakati wa sherehe ya kuzaliwa, ukaua vijana Weusi 13. La Rose akawa mwenyekiti wa kamati iliyoitisha maandamano ya Machi 2. Watu wapatao 20,000 walitembea katikati ya London siku ya kazi. Na mwaka 1982 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliposhindwa kurudi Kenya, ni La Rose huyohuyo aliyeongoza kamati ya London ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe. Ndani ya kamati hiyo alikuwamo Abdilatif Abdalla, aliyekuwa amekaa jela miaka mitatu nchini mwake na kutoka na Sauti ya Dhiki. Hivyo duka lililouza vitabu vya watoto wa Karibi wa mtaa wa Finsbury Park likawa pia mahali ambapo mshairi wetu mkubwa alikuta watu wa kumsikiliza.

Unaweza kuuliza: moto wa New Cross na jela za Kenya zinahusianaje na kumfundisha mtoto kusoma? Wazazi wale wasingelielewa swali. Mtoto husoma ili auelewe ulimwengu wake. Ukimfundisha kusoma halafu ukanyamaza polisi wanapompiga, umemwambia kwamba yaliyoandikwa na yanayotokea hayakutani popote.

Wapo waliozipinga shule hizi, na hoja yao nzito inastahili jibu. Walisema mzazi Mweusi analipa kodi kama mzazi mwingine. Kwa nini afundishe Jumamosi kile ambacho serikali imelipwa kukifundisha Jumatatu hadi Ijumaa? Je, shule ya ziada haiiachii serikali mwanya wa kukwepa wajibu? Mimi nadhani historia imejibu. Pale ambapo shule ya Jumamosi ilikuwa kituo cha mafunzo peke yake, mwanya huo ulikuwapo kweli. Pale ambapo ilikuwa mahali wazazi wanapolinganisha barua walizopewa na shule, wakagundua kwamba watoto saba wa mtaa mmoja wamepelekwa shule maalumu na mwanasaikolojia mmoja, shule ya Jumamosi ilikuwa ndiyo inayoibana serikali. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti ya awali mwaka 1981 ikikiri kwamba ubaguzi, hata usiokusudiwa, unawaangusha watoto wa Karibi. Sheria ya mwaka huohuo ikaliondoa lile kundi la walio chini ya kiwango. Ripoti ya mwisho, ya mwaka 1985 chini ya Bwana Swann, ikakataa kwamba akili ndiyo sababu ya tofauti za kufaulu. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu waraka wa Doulton. Mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati ule alikuwa na 21.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kuliruka. Bernard Coard alirudi Grenada, akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya mapinduzi, na mwaka 1983 mgogoro ndani ya chama uliishia kwa kuuawa kwa Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake. Coard alihukumiwa kwa mauaji hayo akakaa gerezani hadi mwaka 2009. Watu wa Grenada wana haki ya kuuweka msiba huo mbele ya kila kitu, nami siwaombi wasahau. Kijitabu cha 1971 kilisimama kwa ukweli wa takwimu zake na kwa vilio vya wazazi waliokithibitisha, na kwa hiyo bado nakifundisha, nikiyasema yote mawili.

Hali ikoje sasa? John La Rose alifariki mwaka 2006 na Sarah White mwaka 2022. Katika jengo lilelile la Stroud Green Road ipo George Padmore Institute, iliyoanzishwa mwaka 1991 kuhifadhi nyaraka za shule, za kamati na za duka. Duka lenyewe lilitangazwa kufungwa mwishoni mwa mwaka 2016. Watu wa mtaa na wasomaji wake wakachanga fedha, wakaja na brashi za rangi, likaendelea. Mwaka 2020 mwongozaji Steve McQueen alitoa filamu iitwayo Education, ya mtoto anayehamishiwa shule ya walio chini ya kiwango na kuokolewa na shule ya Jumamosi, na kizazi kipya kikawauliza bibi zao kama ni kweli.

Vitabu vimeongezeka, lakini tazameni jinsi vilivyochelewa. Kituo cha London cha elimu ya kusoma katika shule za msingi kilipohesabu vitabu vyote vya watoto vilivyotolewa Uingereza mwaka 2017, vilikuwa zaidi ya 9,000. Vyenye mhusika yeyote asiye mweupe vilikuwa 391, yaani asilimia 4. Vyenye mhusika mkuu asiye mweupe vilikuwa asilimia 1. Na karibu theluthi ya wanafunzi wa shule za msingi England walikuwa wa jamii za wachache. Hiyo ilikuwa miaka 44 baada ya My Brother Sean. Hesabu ilipotangazwa, wachapishaji walishtuka, na ndani ya miaka mitano hivi ile asilimia 4 ikafika 30. Kumbe iliwezekana muda wote.

Upande wa shule, takwimu za serikali kabla ya janga la korona zilionyesha mtoto wa asili ya Karibi anafukuzwa moja kwa moja kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha Mwingereza mweupe. Wengi wa wanaofukuzwa hupelekwa vituo vya pembeni ambako, tena, kufaulu mitihani ni nadra. Wazazi wa London wameshayaona haya. Shule za Jumamosi bado zipo kwa wingi, na siku hizi kando ya zile za Karibi zipo za Wasomali, za Wakongo, za Waeritrea, katika kumbi zilezile za makanisa na misikiti. Baadhi zimepata ruzuku, na pamoja na ruzuku zimepewa masharti ya kubaki na kusoma na hesabu, ya kutogusa siasa. Walimu niliozungumza nao wamegawanyika juu ya kuzipokea. Mmoja aliniambia kwamba fedha zile zinalipia ukumbi, na bila ukumbi hakuna watoto. Mwingine alizikataa, na anafundishia sebuleni kwake.

 Nitajibu maswali, na ningependa kuanza na wazazi.